Barua kwa Mhariri: Tuchapishieni na bei ya sado ya maharage

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu jambo ambalo hapa Moshi linazungumzwa kila siku, ndani ya daladala, kwenye foleni za kliniki na hata misibani, lakini karibu mara zote linazungumzwa kwa kukata tamaa: kwamba kula vizuri ni mambo ya wenye fedha, na mtu wa kipato kidogo ashukuru akishiba. Mimi ni mhasibu mstaafu, si mtaalamu wa lishe, na sikuwahi kulitilia shaka neno hilo hadi mwaka jana mke wangu aliposafiri kwenda Dodoma kumlea binti yetu aliyejifungua, akaniachia jiko, wajukuu wawili wanaosoma na mpwa wangu anayeendesha bodaboda. Kwa miezi mitatu mimi ndiye niliyekwenda sokoni, na kwa kuwa mazoea ya kazi hayamtoki mtu kwa siku moja, kila shilingi iliyotumika nyumbani kwa ajili ya chakula niliiandika katika daftari la kaunta, tarehe upande mmoja na kiasi upande wa pili.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilijumlisha. Nilitarajia kwamba nyama na mchele ndivyo vingekuwa vimebeba mzigo mkubwa, kwa sababu ndivyo tunavyovilalamikia, lakini nilikuta kwamba karibu theluthi ya fedha zote ilikuwa imekwenda kwenye sukari, mkate, maandazi, mafuta ya kupikia, soda za wageni na chipsi ambazo vijana walinunua siku nilizochelewa kupika. Mboga za majani, ambazo tulikula karibu kila siku, ziligharimu kidogo kuliko soda na juisi za unga tulizokunywa. Matunda yaligharimu kidogo zaidi, na hapo sina la kujivunia, kwa sababu sababu yake ni kwamba hatukuyanunua. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea, na baada ya hapo nikaanza kutazama sahani ya nyumbani kwangu kama nilivyokuwa nikitazama vitabu vya ofisi, nikiuliza kila shilingi imeleta nini.

Nianze na maharage, kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha mengi. Gramu 100 za maharage makavu zina protini inayokaribiana kwa kiasi na ile iliyomo katika gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe, yaani gramu ishirini na kitu, na kwa bei ninayonunulia mimi katika soko la Mbuyuni, fedha ya kilo moja ya nyama inatosha kununua kilo tatu za maharage na chenji ikabaki. Ni kweli kwamba protini ya maharage peke yake haijakamilika kama ya nyama, lakini upungufu wake unazibwa na nafaka, kwa kuwa kile ambacho mahindi yamepungukiwa ndicho maharage yanacho kwa wingi, na kile ambacho maharage yamepungukiwa kimo ndani ya mahindi. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma kemia, na bado sufuria yao ilikuwa sahihi. Kiburu nacho, ndizi na maharage katika chungu kimoja, kimewalea watu wa mlima huu kwa vizazi vingi kabla ya sisi kuanza kukionea haya mbele ya wageni wa mjini.

Nilipoanza kuwaeleza majirani habari hii, jibu nililolipata lilikuwa moja: maharage yanamaliza gesi. Jibu hilo halipaswi kudharauliwa. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake, na familia nyingi za mjini hapa zimekwisha kuhama kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye mtungi mdogo wa gesi. Mtungi huo una bei inayoonekana kwa mkupuo, tofauti na mkaa wa kopo, na kwa hiyo mama anayepika kwa hofu ya mtungi kuisha huchagua chakula kinachoiva haraka, yaani wali, tambi, mayai ya kukaanga na chai. Nilichofanya mimi ni kuyaloweka maharage tangu jioni, kuyamwaga maji yale asubuhi, kuyachemsha kwa maji mapya hadi yatokote sawasawa kwa takriban nusu saa, kisha kuzima gesi na kuifunika sufuria ndani ya kapu lililojaa blanketi kuukuu. Baada ya saa tatu yalikuwa yameiva nusu na zaidi, yakihitaji moto mdogo tu wa kumalizia. Mtungi uliokuwa ukinidumu wiki tatu ulifika wiki ya tano. Mpwa wangu aliyecheka siku ya kwanza alipoona sufuria imevalishwa blanketi ndiye siku hizi huliandaa kapu.

Wengine hukwepa gharama hiyo kwa magadi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sisi wa Kilimanjaro na wenzetu wa Arusha tunayapenda kupita kiasi. Magadi hulainisha maharage haraka na hufanya mboga ibaki kijani, hilo halina ubishi. Lakini hali ya alkali (kinyume cha asidi) yanayoileta huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida kubwa za maharage yenyewe, na kwa sisi wenye presha ya kupanda huongeza sodiamu ambayo hatuihesabu kwa kuwa haitokani na kopo la chumvi. La tatu ndilo zito zaidi. Kuzunguka Meru na katika sehemu kadhaa za Kilimanjaro, maji ya baadhi ya vyanzo yana madini ya floraidi kupita kiasi, na kila mmoja wetu anamjua ndugu mwenye meno yaliyobadilika kuwa ya kahawia tangu utotoni. Watafiti waliopima magadi yanayotumika majikoni huku Kaskazini wameyakuta nayo yamebeba madini hayo hayo. Mtoto anayeota meno, akinywa maji hayo na kulishwa kila wiki chakula kilichotiwa magadi, anapata kutoka pande mbili. Kuloweka usiku kucha hakugharimu chochote isipokuwa kukumbuka.

Suala la dona na sembe nalo limejaa heshima zaidi kuliko hesabu. Mahindi yanapokobolewa huondolewa pumba na kiini, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini na mafuta ya nafaka hiyo. Kinachobaki ni cheupe, kinadumu dukani na kinapendeza machoni. Kisha pumba tunawalisha kuku, ambao bila shaka wanatushukuru. Nimewahi kuambiwa na mzazi mwenzangu kwamba dona linamkumbusha shule ya bweni, na kwamba hakumsomesha mwanawe ili arudi kula chakula cha bweni. Naielewa hisia hiyo, kwani hata mimi nilikula dona lenye fukusi kwa miaka minne. Hata hivyo lazima niseme upande wa pili kwa uaminifu: mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota ukungu unaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika sehemu za nje za punje na kwenye kiini, ndiko huko linakotoka dona. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo dona salama ni lile la mahindi uliyoyaona mwenyewe, yaliyokauka vizuri, yakachambuliwa ili kuondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu, ndipo yakapelekwa mashineni. Kununua dona lililokwisha kusagwa bila kujua limetoka wapi ni jambo ambalo mimi binafsi nimeliacha.

Wapo watakaosema kwamba mikoa yenye shida ya lishe ni ile yenye njaa, na sisi wa mlimani tuna neema. Takwimu za nchi yetu wenyewe zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, ikiwa imepungua kutoka asilimia 34 ya utafiti wa mwaka 2015/16, na mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni maghala ya chakula ya taifa. Mtoto anaweza kushiba ugali mara tatu kwa siku na bado asirefuke.

Kwenye mboga ndiko nilikopata faida kubwa kwa fedha ndogo. Mnafu, ambao watoto wangu waliukwepa kwa uchungu wake na wajukuu wanaukwepa kwa urithi, una madini ya chuma na viini vya vitamini A kwa kiwango ambacho kabichi haikifikii kabisa, na bado kwenye genge la jirani yangu fungu lake huuzwa kwa bei isiyozidi ya kabichi nusu. Majani ya kunde, mchicha, matembele na ngogwe viko katika daraja hilo hilo la vyakula vinavyoitwa vya kimaskini. Nafurahi kwamba si kila mtu anavidharau: pale Tengeru, Arusha, kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa kikikusanya mbegu na kuendeleza aina bora za mboga zetu za asili, na wataalamu hutoka nchi za mbali kuja kujifunza habari za mnafu, huku sisi tuliozaliwa nao tukiuita majani.

Hata hivyo mboga nzuri inaweza kuuawa jikoni. Nyumbani kwangu zilikuwa zikikatwa kwanza, zikaoshwa baadaye, zikachemshwa hadi zikalegea kabisa, maji yakamwagwa, ndipo zikakaangwa kwa mafuta mengi. Kwa utaratibu huo vitamini C na foleti zinazoyeyuka katika maji zilikuwa zinaishia kwenye mtaro. Sasa tunaziosha zikiwa nzima, tunazikata, tunazipika kwa muda mfupi na kuweka mafuta kijiko kimoja au viwili, kwa kuwa vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Wakati wa msimu wa maparachichi hata hicho kijiko hakihitajiki sana. Jambo jingine ambalo sikulijua hadi uzeeni ni kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupokea madini ya chuma yatokanayo na mimea, wakati chungwa, limau au nyanya mbichi huusaidia mwili kuyapokea. Tulikuwa na desturi ya kushushia maharage kwa kikombe cha chai ya rangi. Tumeihamisha chai hiyo ikae saa moja mbele, na machungwa ya Muheza yanapojaa sokoni kila mmoja hupata moja baada ya kula. Gharama ya chai haikuongezeka na ya sukari ilipungua, kwa sababu kikombe kisichoandamana na mlo husahaulika mara nyingine.

Kuhusu dagaa nitasema machache. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake wanatoa pia madini ya kalsiamu ambayo kwa maziwa yangegharimu zaidi. Mchanga wao unaondoka kwa kuwaosha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu. Harufu haiondoki, na mwenye kujali harufu mbele ya majirani aandae fedha za kununua perege wa Nyumba ya Mungu.

Nimeeleza haya nikijua kwamba pensheni yangu, ingawa ni ndogo, huingia kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Yule kibarua wa Pasua au Majengo anayelipwa jioni hana nafasi ya kununua debe, na hili ndilo jambo ambalo wahubiri wa lishe bora hulipita haraka mno. Yeye hununua mafuta ya kupimwa, sukari ya robo, unga wa kilo moja na maharage ya glasi, na kwa kila kipimo kidogo analipa zaidi ya mwenye fedha. Nilijaribu mwenyewe kwa wiki mbili katika mwezi wa tatu: maharage niliyonunua kwa glasi dukani mtaani yalinigharimu karibu moja ya tano zaidi kuliko kiasi hicho hicho nilipokinunua kwa sado, lile kopo la kupimia nafaka, Mbuyuni, na nauli nimekwisha kuihesabu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ile ya akina mama wanne wa mtaa wetu ambao kikundi chao cha kuweka na kukopa, baada ya mavuno ya mahindi na maharage bei zinaposhuka, hutoa sehemu ya akiba wakanunua magunia kwa pamoja na kuyahifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu bila dawa. Mwezi wa pili na wa tatu, bei zinapokuwa zimepanda, wao wanakula kwa bei ya mwezi wa nane. Hawakusubiri mradi wa mtu.

Ndipo nafika kwenye ombi langu kwako, Ndugu Mhariri. Gazeti hili na mengine hutuarifu thamani ya dola na pauni, ingawa wasomaji wengi wa Moshi hatujawahi kuishika dola, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za petroli na dizeli, habari hiyo hupata nafasi nzuri. Hilo ni jema. Lakini bei ya chakula tunaisoma pale tu inapokuwa imepanda kiasi cha kuleta kelele, na hata wizara inayosimamia biashara inapotoa bei za nafaka na maharage, hizo huwa ni bei za jumla za gunia la kilo 100, ambazo hazimsaidii mtu mwenye shilingi 5,000 mkononi anayetaka kujua anunue nini leo. Naomba mtenge pembe ndogo kila Jumamosi ya bei za rejareja za soko la Mbuyuni, soko la Kiboriloni na, kwa wenzetu wa Arusha, soko la Kilombero: maharage, dona, dagaa, trei ya mayai, fungu la mchicha na la mnafu, parachichi, ndizi za kupika. Bei hizo ziandikwe kwa kilo, si kwa sado peke yake, kwa sababu sado nazo zina ujanja wake. Zipo zilizobonyezwa kitako kikaingia ndani, na muuzaji huyo huyo anayekupimia kwa kubembeleza ukiwa unanunua, siku ya kununua kutoka kwa mkulima huitafuta sado iliyonyooka na kuijaza hadi ikawa na kilima.

Pembeni ya bei hizo, afisa lishe wa halmashauri angeweza kupewa mistari kumi tu ya kueleza chakula kimoja kilichoshuka bei wiki hiyo na namna ya kukipika bila kukiharibu. Nakumbuka mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya mbaazi za wakulima wa Tanzania ikaanguka vibaya. Kilo za protini zilikuwa zikitafuta mnunuzi Babati na Karatu, saa chache tu kutoka hapa, na katika mtaa wangu sikumwona mtu aliyebadilisha chungu chake. Nadhani hatukujua, na waliojua hawakujua wazipike vipi.

Mke wangu amekwisha kurudi na jiko amelichukua, isipokuwa kapu la blanketi, ambalo amelikubali baada ya mabishano ya siku tatu. Daftari bado ninaliandika, na Jumamosi asubuhi bado ninakwenda Mbuyuni kabla ya saa mbili, wakati wauzaji wanapopanga bidhaa na hawajachoka kujibu maswali. Iwapo gazeti lako halina mwandishi wa kumtuma, niko tayari kuzikusanya bei hizo na kuzileta ofisini kwenu bila malipo, zikiwa zimepimwa kwa mizani yangu mwenyewe.

Wako,
Mhasibu mstaafu,
Pasua, Moshi.